Je, Wajua? Mwigizaji Aliyevunjwa Mguu na Simba Naro Moru

Je, wajua kwamba Born Free, filamu ya simba jike Elsa, haikupigiwa picha Meru alikoachiliwa Elsa mwenyewe? Ilipigiwa Naro Moru, Kaunti ya Nyeri, kati ya 1964 na 1965. Wapanda Mlima Kenya wanaopita hapo na mizigo mgongoni, wachache sana huambiwa hivyo.

Aliyeigiza Joy Adamson, mlezi wa Elsa, ni Virginia McKenna, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 7 Juni 1931, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya BAFTA kwa A Town Like Alice. George, mume wa Joy, aliigizwa na Bill Travers, mume halisi wa McKenna. Walikuja na watoto.

Je, wajua kwamba simba walikuwa wa kweli? George Adamson mwenyewe ndiye aliyewafundisha waigizaji hao wawili kuzoeana nao, wakitembea pamoja nyikani. Simba mmoja, Boy, aliyewahi kufugwa na wanajeshi wa Scots Guards, alimrukia McKenna akamvunja kifundo cha mguu. Akapona, akarudi kwa simba wale wale. Waigizaji wetu mnaolalamikia vumbi la Nanyuki, mnasikia?

Wakenya nao walikuwemo: Peter Lukoye aliigiza Nuru, Omar Chambati akawa Makkede. Ni nadra kuyasikia majina yao, na hiyo si haki.

Filamu ilitoka 1966, ikapata Oscar mbili, zote za muziki. Simba wengi walioicheza waliishia kwenye bustani za wanyama. George Adamson aliwaokoa watatu, Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru.

Je, wajua habari za Pole Pole? Ndovu huyu mdogo aliigiza na McKenna na Travers katika filamu nyingine huko Tsavo, ilhali alikuwa ameshatengwa kuwa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Walitaka kumnunua, lakini wakagundua kwamba angekamatwa mwingine badala yake, wakaacha. Alifia London 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha Zoo Check, ambayo leo ni Born Free Foundation.

McKenna hakuliacha jukwaa: mwaka 1979 aliigiza The King and I na Yul Brynner jijini London, akashinda tuzo.

Na Elsa mwenyewe? Kaburi lake limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Ukifika, mwombe askari wa wanyamapori akuelekeze.