Upepo wa Turkana unavuma usiku, lakini magari yanayoleta mizigo Congo bado yanakula mazutu

Gari kubwa linalopakia mizigo kwenye bandari ya Mombasa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Butembo linavuka Kenya na Uganda mpaka Kasindi likichoma mazutu njia nzima. Kila litre moja ya mazutu inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Duniani kote, karibu robo ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati inatoka kwenye usafiri.

Ajabu ni kwamba inchi ambamo safari hiyo inaanzia inapata sehemu kubwa ya umeme wake bila kuchoma mafuta. Kenya inautoa kwenye joto la ardhi, kwenye maji na kwenye upepo.

Upepo huo uko kaskazini, karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit. Unabanwa kati ya milima Kulal na Nyiru, kisha unatoka kwa nguvu kuelekea ziwa Turkana. Hapo kumesimamishwa mitambo 365, kila mmoja ukiwa na mapanga matatu. Jumla yake ni megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka wa 2017, lakini ilikaa bure zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu njia ya umeme ya zaidi ya kilometa 400 hadi Suswa haikuwa imemalizika. Rais Uhuru Kenyatta aliizindua rasmi tarehe 19 Julai 2019. Wafugaji wa eneo hilo walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani kuhusu ardhi yao, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliwapa haki, ikisema hati za ardhi zilitolewa bila kufuata sheria.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: upepo wa Turkana unavuma zaidi usiku. Saa nane za usiku viwanda vingi vimefungwa, watu wamelala, na umeme unakosa wa kuutumia.

Pikipiki ya umeme ndiyo inayoutafuta umeme saa hizo. Mwaka wa 2023 Kenya iliweka bei maalum kwa vyombo vya usafiri vinavyotumia umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 tu katika saa ambazo matumizi ni madogo. Jijini Nairobi, mwendeshaji wa bodaboda ya umeme anaacha batri iliyoisha kituoni, anapewa iliyojaa, anaendelea na kazi.

Kwa motari hii si hesabu ndogo. Tuseme anachoma litre 4 za esanse kwa siku: ni zaidi ya kilo 9 za hewa ya ukaa, bila kutaja pesa.

Lakini tusidanganyane. Mapanga ya Turkana hayajapunguza moshi wa magari makubwa ya njia ya Mombasa. Hata treni mpya ya Mombasa–Nairobi inavutwa na vichwa vya mazutu. Upepo unasafisha usafiri pale tu chombo chenyewe kinapotumia umeme, na gari la tani 30 linahitaji batri kubwa na vituo vya kuchaji kwenye njia hiyo ndefu.

Na kwetu? Mashariki mwa Congo haina upepo kama ule wa Turkana. Ina mito. Kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 na kinatoa takriban megawati 13 kwa nguvu ya maji, umeme unaofika mpaka Goma. Maji hayangoji usiku kama upepo: yanatiririka saa zote, hata saa ambazo wakaaji wamezima taa.

Shida ni mitaa ambayo umeme huo haujafika. Motari wa huko akijaza batri kwa grupe, moshi umehama tu kutoka barabarani kwenda nyuma ya nyumba.