Kabla Hujaomba Princeton

Ukijumlisha ada, bweni, chakula na vitabu, mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani unagharimu zaidi ya dola 85,000. Kwa fedha za Tanzania hizo ni zaidi ya shilingi milioni 200, na shahada ni miaka minne. Mzazi akishaisikia hesabu hiyo, mazungumzo huishia hapo. Nimewaona vijana wenye ufaulu wa juu kabisa wakiambiwa waachane na mambo ya matajiri, nao wakatii. Linaniuma, kwa sababu katika yote yanayoweza kumzuia kijana wa Tabora au Kisii kusoma Princeton, ada ndiyo kizuizi kidogo kuliko vyote.

Huku kwetu chuo binafsi huishi kwa ada za wanafunzi. Princeton, iliyoanzishwa mwaka 1746 New Jersey ikiwa bado koloni la Mwingereza, huishi kwa njia nyingine. Ina mfuko wa uwekezaji unaozidi dola bilioni 30, uliokuzwa na michango ya wahitimu na wafadhili kwa vizazi vingi, na mapato ya mfuko huo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya matumizi ya kila mwaka. Kwa nguvu hiyo, mwaka 2001 chuo kiliiondoa mikopo katika msaada wake wa fedha na kuweka ruzuku ambayo mwanafunzi hairudishi. Ofisi ya fedha hupima uwezo wa familia, kisha chuo hulipa pengo lote linalobaki. Familia isiyo na uwezo inaweza kuchangia sifuri.

Hapa kuna jambo ambalo waombaji wengi hawalijui. Princeton, Harvard, Yale na MIT hufanya uamuzi juu ya mwombaji wa nje bila kuangalia kama anahitaji msaada. Vyuo vingine vyenye hadhi kama hiyo, Stanford kikiwemo, humsaidia vizuri mgeni aliyechukuliwa, lakini uhitaji wake unaweza kuhesabiwa wakati wa kuamua kama atachukuliwa. Kwa mtoto wa mkulima tofauti hiyo ni kubwa mno, na inafaa aijue kabla ya kuchagua vyuo vya kuomba.

Jambo la pili: Princeton haitoi ufadhili kwa sababu ya alama za juu wala kipaji cha mpira. Msaada wake unafuata hitaji peke yake. Kwa hiyo wakala anayekuambia atakutafutia “skolashipu ya Princeton” kwa malipo anakuibia. Fomu ya fedha unaijaza mwenyewe, sambamba na maombi ya masomo. Kama wazazi hawana hati ya mshahara, andikeni barua inayoeleza hali halisi: shamba ni ekari ngapi, linaingiza nini mavuno yakiwa mazuri na yakiwa mabaya, genge linabakiza kiasi gani kwa mwezi, wangapi wanasomeshwa. Elezeni ukweli mtupu. Ada ya kutuma maombi nayo husamehewa kwa asiyeimudu.

Sasa vizuizi vyenyewe. Katika kila waombaji mia, wanaopata nafasi hawafiki watano, na wengi wa wanaokataliwa wana ufaulu usio na doa. Asiyechukuliwa asijione hana akili. Aliyeweka matumaini yake yote Princeton, bila kuomba Dar es Salaam, Makerere, Nairobi au vyuo vingine vya nje, amejitakia hatari isiyo ya lazima.

Halafu kuna swali ambalo ningetamani liulizwe kwanza: hiki ni chuo cha namna gani? Princeton haina shule ya udaktari, haina shule ya sheria, wala haina shule ya biashara. Uzito wake uko kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao ni zaidi ya 5,000 na wanawazidi wale wa shahada za juu. Huku kwetu kijana hutoka Kidato cha Sita akaingia Muhimbili moja kwa moja. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka mingine minne, katika shule ambazo nyingi huchukua wageni wachache sana na hazina ukarimu wa fedha niliouelezea hapo juu. Kijana anayetaka kuwa daktari haraka na arudi kuhudumia hospitali ya wilaya, nitamshauri abaki Afrika Mashariki, na simwambii hivyo kwa kumpa faraja ya mkosaji. Kwa lengo lake, njia ya nyumbani ni bora.

Princeton inamfaa anayetaka kutafiti na kuandika. Unaingia bila kufungwa na fani: wa shahada ya AB, inayobeba sanaa na sayansi pamoja, huchagua idara mwishoni mwa mwaka wa pili, na wa uhandisi huchagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Masomo mengi huwa na mhadhara pamoja na vikundi vidogo vya majadiliano, utaratibu ulioletwa na Woodrow Wilson mwaka 1905 alipokuwa mkuu wa chuo, kabla hajawa rais wa nchi. Kwenye kikundi huwezi kujificha. Unatakiwa uwe umesoma, useme unachofikiri, umpinge profesa kwa hoja. Kwa aliyelelewa kunakili ubaoni na kunyamaza mbele ya mwalimu, miezi ya kwanza huwa migumu, na ugumu huo hautokani na Kiingereza peke yake.

Mwaka wa nne, kila mwanafunzi wa AB huandika tasnifu. Vyuo vingi huacha kazi hiyo kwa wachache wanaotafuta heshima ya ziada. Princeton humdai kila mmoja, na humpa msimamizi, na mara nyingi fedha za kwenda kutafiti. Michelle Obama, aliyehitimu 1985, aliandika kuhusu wahitimu weusi wa chuo hichohicho. Tasnifu ya Wendy Kopp ya mwaka 1989 ndiyo iliyozaa shirika la Teach For America. Wanafunzi wa ikolojia wamekuwa wakija hadi Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala ambacho Princeton ni mmoja wa washirika wake. Kiswahili nacho kinafundishwa kampasini.

Maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, ya kawaida tarehe 1 Januari. Kwa mwanafunzi wa Tanzania maana yake ni kuomba akiwa katikati ya Kidato cha Sita, akitumia matokeo ya Kidato cha Nne na alama za shuleni. Sharti la mtihani wa SAT limebadilika zaidi ya mara moja tangu janga la UVIKO-19, hivyo soma masharti ya mwaka wako. Barua za walimu ziombwe miezi kadhaa kabla. “Ana nidhamu na anajituma” haimsaidii mtu. Mwalimu aeleze swali ambalo mwanafunzi aliliuliza darasani, jaribio alilolirudia hadi likakubali, mdogo aliyemfundisha hesabu.

Mwisho, visa. Barua ya kukubaliwa chuoni haimlazimishi ofisa wa ubalozi. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliweka vizuizi vinavyogusa visa za wanafunzi kutoka nchi kadhaa za Afrika, Burundi mwezi Juni na Tanzania mwezi Desemba zikiwamo. Maagizo ya aina hii hubadilika, kwa hiyo fuatilia taarifa za ubalozi wenyewe, usitegemee uvumi wa makundi ya WhatsApp. Aliyepata nafasi akakwama kwenye visa aiandikie ofisi ya udahili mara moja na kuomba aahirishe kuanza masomo kwa mwaka mmoja, huku nafasi yake katika chuo cha nyumbani akiwa ameishikilia.