Mji wa Kisiwani na Mlango wa Likoni

Mombasa ni kisiwa, na mji wa kisiwani hupumua kwa milango yake. Magharibi tuna Makupa. Kaskazini tuna Nyali, palipokuwa na daraja lielealo tangu 1931 hata likajengwa la saruji mwaka 1980. Kusini ni Likoni, na huko tangu 1937 hatuna budi na feri.

Mlango huu ndio upatao pigo la kwanza kila mji unapofikwa na jambo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka wakafa watu 272. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya Korona, watu waliokuwa wakirudi makwao walisongamana kivukoni, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi.

Nami nimeona jambo la siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mno, magari hayawezi kupanda, na katika foleni mlikuwa na jeneza. Ndugu msomaji, wajua kwamba maiti hacheleweshwi. Jamaa walilishusha garini, wakalitia mabegani, wakavuka pamoja na waendao kwa miguu. Watu wasiowajua walipokezana kulibeba hadi ng'ambo.

Hiyo ndiyo nguvu ya mji wetu, lakini mabega ya watu hayatoshi kuwa mpango wa mji. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya kwenda Kusini bila ya kupanda feri, nasi twashukuru. Lakini kwa kibarua, mama muuza samaki na mwanafunzi aendaye kwa miguu, Dongo Kundu ni mzunguko mrefu unaotaka nauli. Daraja lielealo la Liwatoni, lililotengenezwa wakati wa Korona, lilikuwa lao hao, ila liliwekwa liwe la muda tu.

Kwa hivyo nasema, uimara wa mji usipimwe kwa wenye magari. Upimwe kwa mtu wa miguu: feri ikikwama leo magharibi, atafikaje kwa wanawe? Barabara mpya zije, lakini feri zitunzwe na njia ya pili ya miguu iwepo. Wazee walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.