Robo Tatu ya Eka, Toa Theluthi

Leo tuweke jembe chini kidogo, tushike kijiti cha kuandikia mchangani. Tunafanya hesabu ya kutoa sehemu ambazo asili zake, yaani namba za chini, hazilingani. Usiseme hiyo ni kazi ya watoto wa shule. Mwenye shamba asiyeijua anaweza kupoteza mistari 7 ya mahindi hivi hivi.

Chukua mfano huu. Mkulima ana shamba la robo tatu ya eka. Jirani anamjia: "Mzee, nikodishie theluthi moja ya eka msimu huu." Wanakubaliana. Je, mzee anabakiwa na kiasi gani?

Wapo watakaokimbilia kutoa namba za juu, 3 toa 1 zinabaki 2. Halafu za chini, 4 toa 3 inabaki 1. Jibu: eka 2! Mtu hakufikisha hata eka moja, amekodisha, na sasa ana eka mbili. Ingekuwa hivyo sote tungekodisha kila siku.

Robo na theluthi si vipande vya ukubwa mmoja, ndiyo maana. Huwezi kutoa vibaba katika pishi kabla hujageuza pishi kuwa vibaba. Basi tafuta namba ambayo 4 na 3 zote huigawanya bila kubakiza. Ni 12. Robo moja ina vipande 3 vya kumi na mbili, kwa hiyo robo tatu ni 9/12. Theluthi moja ni 4/12. Sasa vipande vyote ni sawa: 9 toa 4, zinabaki 5. Mzee anabakiwa na 5/12 ya eka.

Haya, twende shambani tuone. Eka moja ni yadi za mraba 4,840. Wengi wetu hupima hatua 70 kwa 70, hatua moja ikiwa kama yadi. Sisi tupime upana hatua 72 na urefu hatua 67. Eneo ni karibu lile lile, ila 72 inagawanyika kwa 12 vizuri: kila kipande kina upana wa hatua 6. Robo tatu ni upana wa hatua 54. Jirani achukue hatua 24. Mzee anabaki na hatua 30.

Hapa, ndugu, sikiliza vizuri, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Jirani alisema theluthi ya eka. Angesema theluthi ya shamba, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Theluthi ya hatua 54 ni hatua 18, mzee angebakiwa na hatua 36, yaani nusu eka kamili. Tofauti ni hatua 6. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, hizo hatua 6 ni mistari 7, karibu mashina 1,400. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote uliza: theluthi ya nini? Na mkishakubaliana, pigeni vigingi mbele ya shahidi siku hiyo hiyo, si baada ya kulima.

Wakati mwingine kuna namba nzima pia. Una mbegu za maharage debe mbili na nusu, umepanda debe moja na theluthi mbili. Asili ya pamoja ni 6. Nusu ni 3/6, theluthi mbili ni 4/6. Lakini 3 toa 4 haitoki! Usibabaike. Vunja debe moja zima liwe 6/6, uzijumlishe na zile 3/6, upate 9/6. Debe nzima imebaki 1. Sasa 9 toa 4 ni 5, na debe 1 toa 1 hakuna kitu. Umebakiwa na 5/6 ya debe, pungufu kidogo ya debe zima. Kama kesho unahitaji debe kamili, tafuta 1/6 nyingine leo.

Jaribuni hii nyumbani: una eka moja na robo, unakodisha theluthi mbili za eka. Aliyepata 7/12, au hatua 42 kwa kipimo chetu, amepata.

Kwaherini, ndugu wakulima.