Siku Mbili Nje ya Durban Bila Kugusa Pesa ya Nyumbani

Ndugu zetu wa Cato Manor, leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi hatukiandiki kwenye daftari la bajeti: kupumzika. Kodi ya chumba tumeiandika, nauli tumeiandika, umeme tumeuandika, na pesa ya mama nyumbani iko juu kabisa ya ukurasa. Kupumzika hakupo. Basi Desemba ikifika mwili umechoka, saiti zimefungwa, mtaa mzima unakwenda baharini, na hela inatoka mfukoni bila hesabu. Januari unakopa ili utume ada ya mtoto.

Mhasibu yeyote atakuambia kwamba matumizi usiyoyaandika hayajafutika, yanakusubiri tu. Tuyaandike basi. Mji mdogo ulio mwendo wa saa moja au mbili kutoka Durban, usiku mmoja, katika mwezi ambao watu wengi hawasafiri: hiyo ni safari ambayo dada wa kazi za ndani au kaka wa saiti anaweza kuimudu bila kupunguza hata randi moja ya nyumbani. Tuanze na siku, kisha mwezi, kisha miji, halafu tupige hesabu yenyewe.

Siku unazo, zipo kwenye sheria

Kilio cha kwanza huwa "bosi hanipi nafasi". Sheria ya kazi ya hapa ya mwaka 1997 inasema mtu anayemfanyia kazi mwajiri mmoja zaidi ya saa 24 kwa mwezi ana haki ya likizo yenye malipo: siku 21 mfululizo kila mwaka. Mnaweza pia kukubaliana kuhesabu siku moja ya likizo kwa kila siku 17 ulizofanya kazi. Kwa hiyo hata dada anayefanya siku mbili tu kwa wiki kwenye nyumba moja anapata siku moja yenye malipo kila baada ya wiki nane au tisa. Mgeni na mwenyeji hesabu yao ni moja.

Bosi haruhusiwi kukupa hela badala ya likizo wakati bado uko kazini. Malipo ya namna hiyo ni ya siku kazi inapokwisha. Akikataa kabisa, idara ya kazi ya serikali na CCMA hupokea malalamiko, na kufungua shauri hakulipiwi. Lakini anza na maneno mazuri: omba mapema, kwa ujumbe wa simu ili ubaki na maandishi, taja tarehe kamili.

Kuna pia sikukuu 12 za kitaifa kila mwaka. Sikukuu ikiangukia siku yako ya kawaida ya kazi, unalipwa hata ukipumzika. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake nayo ni sikukuu. Ukiunganisha sikukuu moja na siku yako ya mapumziko, safari ya siku mbili imepatikana bila kupoteza mshahara. Kaka wa kibarua anayelipwa kwa siku atapata faida ndogo zaidi hapa, kwa hiyo yeye atumie wikiendi ya kawaida.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua mji

Bei ya chumba hufuata kalenda ya shule za hapa. Desemba hadi katikati ya Januari, Pasaka, na likizo ya shule ya katikati ya mwaka, pwani yote ya KwaZulu-Natal inajaa watu wa Johannesburg na Pretoria. Chumba kilekile, kitanda kilekile, bei nyingine.

Wa saiti wanaumia zaidi, kwa sababu kampuni nyingi za ujenzi hufunga kuanzia katikati ya Desemba na kurudi Januari. Muda walio nao ndio muda wa bei ya juu, tena wengi wao hawaingizi kitu wiki hizo. Ushauri wangu: Desemba pumzikia Durban yenyewe. Njia ya kutembea kwa miguu kando ya bahari pale mjini ni bure siku zote, ila epuka Krismasi na mwaka mpya kama hupendi msongamano. Hela ya safari itunze.

Sasa tazama kalenda ya nyumbani pia. Mwenye watoto Tanzania au Kenya anabanwa Januari, shule zinapofunguliwa. Mwenye watoto Kongo au Burundi anabanwa Septemba. Mwezi unaowafaa karibu wote ni Mei. Pasaka imepita, likizo ya katikati ya mwaka haijafika, mvua za kiangazi zimepungua, na bahari ya Durban bado haijapoa sana. Tena tarehe 27 Aprili na 1 Mei zote ni sikukuu.

Miji mitatu ya kufikiria

Scottburgh iko kusini, kama kilomita 60 kutoka Durban, kando ya barabara ya N2. Ni mji mdogo wa pwani wenye kitu kimoja kizuri kwa mtu asiye na hela nyingi: nyasi zinazoshuka mlimani hadi karibu na mchanga. Unatandika kitenge, unafungua chakula ulichobeba, unakaa mchana mzima bila kulipia kiti. Kati ya Juni na Novemba nyangumi hupita pwani hii, na mwenye macho ya subira huwaona akiwa ameketi nchi kavu. Juni na Julai, kukiwa na bahati, kundi kubwa la samaki aina ya sadini husogea ufukweni na watu huingia majini na ndoo.

Tahadhari moja. Wengi wetu tumekulia mbali na bahari, na mawimbi ya huku si ya ziwa. Kuna nyavu za kuzuia papa, lakini nyavu hazizuii mkondo wa maji unaovuta mtu kwenda ndani. Oga pale tu waokoaji walipo, kati ya bendera walizosimika, na usiingie baada ya wao kuondoka.

Howick iko bara, kwenye barabara ya N3 ukipita Pietermaritzburg, kama kilomita 100 kutoka Durban. Hapa mto Umngeni unaporomoka mita 95 kwa mpigo mmoja, na unaona maporomoko yote ukiwa umesimama juu, ng'ambo yake. Wazulu wanapaita KwaNogqaza. Wapo wanaoamini kwamba bwawa la chini ni makao ya nyoka mkubwa aitwaye Inkanyamba, na waganga hufika kutoa sadaka. Uamini usiamini, usishuke kuoga, kwani watu wameshafia pale.

Kilomita chache kutoka mjini ndipo Nelson Mandela alipokamatwa tarehe 5 Agosti 1962, akijifanya dereva wa mzungu. Mwaka 2012, miaka 50 baadaye, zilisimamishwa nguzo 50 za chuma. Ukisimama mahali sahihi, nguzo zile zinakuwa uso wake. Ukisogea hatua chache, uso unapotea. Mtu anayeishi kwa kibali katika nchi hii atakuwa na la kuwaza pale. Usisahau sweta: Juni na Julai usiku wa Howick ni baridi kali, siyo kama Durban.

Eshowe iko kaskazini, kama kilomita 140, juu ya vilima vya Zululand. Ni mji wa watu wanaotaka kimya. Msitu wa Dlinza uko ndani ya mji kabisa, na humo kuna daraja la mbao lenye urefu wa mita 125, linalopita hewani mita 10 kutoka ardhini katikati ya matawi. Unatembea ulipo ndege. Historia nayo ipo: katika vita vya 1879 Wazulu waliwazingira Waingereza hapa kwa zaidi ya miezi miwili. Kwa kuwa ni mbali zaidi, Eshowe ifanye safari ya usiku mmoja. Usijaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Usafiri ni zile teksi ambazo kwetu tungeziita daladala au matatu. Kutoka Cato Manor shuka mjini, nenda Warwick, uliza foleni ya mji unaotaka. Kwa Howick panga hatua mbili: Pietermaritzburg kwanza, kisha Howick. Ondoka asubuhi, na siku ya kurudi hakikisha umefika Durban jua likiwa bado liko juu.

Hesabu yenyewe

Tuseme watu wanne mnakwenda Scottburgh usiku mmoja. Bei ninazoweka ni za mfano. Wewe badilisha kwa bei utakazoambiwa.

Nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mmoja, pamoja na ile ya Cato Manor hadi mjini: randi 180.
Nyumba ndogo ya kujipikia, randi 800 kugawanya kwa wanne: randi 200.
Chakula mlichonunua Durban na kubeba: randi 120.
Akiba ya dharura: randi 100.
Jumla: randi 600 kwa mtu.

Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, yaani randi 230.32 kwa siku ya saa nane. Kwa hiyo safari nzima ni chini ya mshahara wa siku tatu. Ukianza kuweka Desemba, randi 100 kila mwezi, mwisho wa Mei unazo 600. Mkiwa na upatu au likelemba, au chama kwa ndugu wa Kenya, ongezeni mfuko mdogo wa safari pembeni. Usichanganywe na zamu ya mtu.

Utauliza, hiyo mia inatoka wapi? Angalia kwanza ada za kutuma pesa. Benki ya Dunia imekuwa ikiitaja Afrika Kusini kama nchi ghali kuliko zote za kundi la G20 kutumia pesa nje. Anayetuma randi 500 mara mbili kwa mwezi mara nyingi analipa zaidi ya anayetuma 1,000 mara moja. Muulize wakala wako bei zote mbili, ukikumbuka pia bei anayobadilishia fedha. Kama kuna tofauti, tofauti hiyo ni yako, na aliye nyumbani hajapungukiwa kitu.

Advansi ya nyumba usiitume kwa tangazo la mtandaoni tu. Piga simu, omba namba ya simu ya mezani au anwani, tafuta mtu aliyewahi kulala pale. Msimu wa likizo matapeli hupangisha nyumba ambazo si zao.

Vibali, na maneno ya nyumbani

Gesti hutakiwa kuandika wageni kwenye rejista, hivyo utaulizwa kitambulisho. Beba pasipoti, au karatasi yako ya hifadhi au ya ukimbizi, na picha yake uiache kwa rafiki. Kama kibali kinakaribia kuisha, safari isubiri: hiyo 600 iende kwenye kibali kwanza. Na kama kuna fujo dhidi ya wageni au maandamano yametangazwa wiki hiyo, ahirisheni. Mji utakuwepo Mei ijayo.

La mwisho ndilo linalowazuia wengi kuliko hela. Ukiweka picha ya bahari kwenye simu, kesho yake zinaingia simu saba: "Kumbe unazo! Mbona dawa ya shangazi ulisema huna?" Tangulia wewe. Tuma pesa ya nyumbani kabla ya safari, siyo baada. Kisha mwambie mama au mkeo kwa sauti yako: "Ya mwezi huu imeshafika. Nimepewa likizo, nakwenda kupumzika siku mbili, nimeiwekea akiba tangu Desemba." Mzazi akisikia hivyo mara nyingi hukuombea safari njema. Kinachomuumiza ni kuiona kwanza kwenye picha.

Mgongo wa kaka wa saiti na mikono ya dada wa kazi ndivyo vinavyolipa ada, dawa na mabati ya nyumba inayojengwa kule. Mashine ya kampuni hutengewa fungu la matengenezo kila mwaka, na mwenye kampuni haoni aibu kuliandika. Wewe nawe fungua daftari usiku huu, chini ya mstari wa nyumbani uandike "mapumziko, randi 100", halafu uchague wikiendi ya Mei na umwombe bosi mapema.