SELIMUNDU: MARADHI YA DAMU YASIYO NA MCHAWI

Katika nyumba nyingi za Bungoma, tangu Chwele na Kimilili hata Webuye, kisa hiki chajulikana sana. Mtoto amezaliwa mzima, amenyonya vizuri, amenenepa. Afikapo miezi sita au zaidi, vidole vya mikono na miguu vinavimba, naye analia usiku kucha bila kuonekana jeraha. Macho yanageuka manjano. Anapona, kisha anaugua tena. Akifariki, na ndugu yake akafuata kwa dalili zile zile, majirani huanza kunong'ona. Husema ya kwamba nyumba ile imelogwa, ama mama yule ana mkosi. Pengine mama hurudishwa kwao.

Hapana aliyeloga. Maradhi hayo yana jina, yana sababu inayojulikana, na yana matunzo.

SABABU YAKE

Damu ya mtu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo sana zinazochukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Chembe nzima ni ya mviringo, ni laini, nayo hupita katika mishipa myembamba pasipo taabu, na huishi muda wa siku 120 hivi. Chembe za mtu mwenye maradhi haya hujikunja zikawa ngumu, zenye umbo la mundu wa kukatia majani; ndiyo maana yakaitwa selimundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa na kuzuia damu, na hapo ndipo maumivu makali hutokea. Tena huishi siku 10 hadi 20 tu, hata mgonjwa huwa na upungufu wa damu daima.

Maradhi haya hayaambukizwi kwa chakula wala kwa kulala pamoja. Hurithiwa. Wakulima wa mahindi wataelewa kwa mfano huu. Kila mzazi ana mbegu mbili za damu, naye humpa mtoto moja, bila kuchagua. Mwenye mbegu moja nzuri na moja ya mundu huwa mzima, wala hajui kuwa anayo. Lakini watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuleta mtoto mzima mwenye mbegu moja ya mundu kama wazazi wake, na moja katika nne ya kuleta mtoto asiye nayo kabisa. Basi mtoto mgonjwa amepokea mbegu moja kwa baba na moja kwa mama, na baba hana haki ya kumtupia mama lawama.

BUNGOMA NA KITALE

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alipima damu za watu wa makabila mengi ya nchi hii. Aliona ya kwamba pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na mbegu ya mundu, bali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: mwenye mbegu moja hukingwa kwa kadiri kubwa asiuawe na malaria. Kwa hiyo penye mbu wengi mbegu hiyo ilidumu vizazi na vizazi. Lakini mwenye mbegu mbili hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa.

Bungoma ni nchi ya malaria tangu zamani. Kitale uko juu zaidi, na baridi yake ni kali. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960 jamaa nyingi za Bungoma zilihamia Trans-Nzoia kutafuta mashamba, nazo zilikwenda na damu yao. Mtu akihama kilima hahami urithi wake. Tena baridi huamsha maumivu ya selimundu. Kwa hiyo mzazi wa Kitale au Kiminini asidhani kuwa maradhi haya ni ya watu wa chini tu.

KUPIMA NA KUTUNZA

Maradhi haya hutambuliwa hospitalini kwa kupima damu kidogo tu. Ikiwa mtoto ni mgonjwa, yafaa wazazi washike mambo haya:

Apewe penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano, na chanjo zote, kwani vijidudu vya nimonia humwua upesi.

Alale ndani ya chandarua, na ameze dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoagiza.

Anywe maji mengi, avae nguo za joto, wala asinyeshewe.

Akipata homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafula, tumbo likivimba upande wa kushoto penye wengu, au akilegea upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali saa ile ile.

Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Watoto wapatao 600 walijaribiwa nayo katika Angola, Kongo, Kilifi hapa Kenya, na Mbale, mji wa Uganda ulio ng'ambo tu ya Mlima Elgon. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na daktari, naye hupima damu ya mgonjwa mara kwa mara.

Vijana wanaotaka kuoana wangefanya vema kupimwa mapema, si ili wakatazwe, bali ili wajue watakalolikabili. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mtoto aliyetambuliwa mapema na kutunzwa aweza kwenda shule, kukua, na kuwa na nyumba yake mwenyewe. Yule aliyefichwa kwa haya, au aliyezungushwa kwa waganguzi mpaka damu ikamwishia, hakuuawa na selimundu peke yake.