Wakala wa kompyuta naye anataka desa safi

Wiki hii mapenzi na mitindo tuviweke pembeni kidogo, tuongee hesabu. Usifunue ukurasa! Hakuna mtihani hapa.

Kuna hawa mawakala wa akili mnemba ambao mjini sasa ndiyo habari. Simsemi yule unayepiga naye soga kwenye simu akutungie meseji ya kumbembeleza mtu. Wakala ni mwingine. Unampa kazi, anachukua programu mwenyewe, anaiendesha, anasoma jibu, anaenda hatua inayofuata bila kukuuliza. Kwa lugha ya daladala, huyu ni deiwaka. Kapewa gari asubuhi, ya jana hayakumbuki, vituo havijui, na abiria wameshapanda. Anategemea maelekezo atakayoachiwa tu.

Sasa hayo maelekezo yakoje? Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hesabu sikuzikimbia, basi nikachukua programu moja inayoitwa SymPy nikasoma maelezo yake kwa macho ya deiwaka. SymPy ni ya bure, aliyeianzisha ni Ondřej Čertík mwaka 2005, na inafanya kazi ndani ya lugha ya kompyuta ya Python. Sifa yake ni kupiga hesabu kwa herufi, ile aljebra iliyowatoa jasho wengi wetu.

Chukua mfano wa paa. Mbao ya kenchi ina urefu wa mita 6 na imeinama nyuzi 30. Ncha yake itapanda kiasi gani? Sini ya 30 kwenye kile kijitabu cha majedwali ya shule ni 0.5, kwa hiyo mita 3. Deiwaka wetu akiingiza 30 kavukavu, programu inadhani ni radiani, na akiomba jibu kwa desimali inampa karibu -0.988. Zidisha kwa 6: mita 5.93 kwenda CHINI. Paa limeingia ardhini, bwana wee! Na programu haijapiga kelele yoyote, maana kwa upande wake imejibu sawasawa.

Hapo SymPy nawapa heko. Ukurasa wa sini unasema wazi kabisa kwamba kipimo ni radiani. Maneno machache tu, lakini yanaokoa nyumba nzima. Kingine kizuri, mifano iliyomo kwenye maelezo yao huendeshwa na kompyuta yenyewe kuhakiki kama jibu lililoandikwa ndilo linalotoka. Yaani si mifano ya kunakili kutoka kwa mshikaji ambaye naye alinakili.

Kasheshe inaanzia kwingine. Ukiandika 2^3 ndani ya Python ukitegemea mbili kipeo cha tatu, unapata 1. Moja! Sababu ni kwamba alama ile kwa Python ina kazi nyingine kabisa. Kipeo kinaandikwa kwa nyota mbili. Na theluthi ukiiandika 1/3, Python inaigeuza desimali kabla SymPy haijaiona, ule usahihi wa sehemu unapotea. Haya yote SymPy wameyaandika, tena vizuri, kwenye ukurasa maalumu wa mitego. Ila deiwaka hafungui kitabu kuanzia mwanzo. Anafungua ukurasa mmoja alioutafuta, anachukua anachotaka, anaondoka. Onyo lililokaa chumba cha pili kwake halipo.

Halafu kuna chombo chao cha kutafuta majibu ya milinganyo, kinaitwa solve. Ukikipa mlinganyo mmoja kinarudisha orodha, ukikipa miwili ya mstari kinarudisha kitu cha umbo jingine. Binadamu anaangalia anaelewa. Wakala aliyejipanga kupokea orodha anajikwaa. Maelezo yanakupa njia ya kulazimisha umbo moja, lakini kwa maoni yangu ushauri huo ungekaa juu kabisa, kwa wino mzito. Kuna pia milinganyo ambayo jibu lipo ila chombo hakiwezi kuliandika kwa alama. Mfano ni x sawa na kosini ya x, ambayo jibu lake ni karibu 0.739. Ukurasa usiposema kwamba "sijapata" si sawa na "hakuna", wakala ataripoti hakuna, na wewe utaamini.

Kupima maelezo kama haya si lazima uwe profesa. Mpe wakala maswali bila maelezo, kisha maswali yaleyale akiwa nayo. Maksi zikiwa zilezile, maelezo hayakumsaidia. Lakini angalia, mjanja huyu ameshakariri madesa! SymPy ni maarufu, ameisoma alipokuwa anafundishwa. Dawa ni kubadilisha majina ya vyombo ili asiweze kujibu kwa kumbukumbu. Kisha futa sentensi moja, mfano ile ya radiani, uone paa linaangukia wapi. Na usihesabu tu aliyokosa. Tenga makosa yaliyopiga kelele na yale ya kimya. La kelele atalirekebisha mwenyewe. La kimya linafika hadi kwa fundi.

Mwaka 2024 Jeremy Howard alipendekeza kila tovuti iweke faili fupi la llms.txt kuwaelekeza hawa wasomaji wa mashine. Wazo zuri, ingawa ramani ya njia haizibi mashimo ya barabarani.

Kuna fundi mmoja wa kenchi mtaani kwetu nilimsimulia zile mita 5.93. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Dogo," akaniuliza, "huyo deiwaka wako analipwa kwa siku au kwa kazi?"